Misa katika kanisa kuu la kale ukiwa safarini: mlango, saa na mahali pa kukaa

*Swali: Mwezi ujao nasafiri na mume wangu wiki mbili katika miji kadhaa ya Ulaya. Mimi ni Mkatoliki, yeye ni Mlutheri. Natamani kusali Jumapili katika mojawapo ya yale makanisa makuu ya kale, ila nimesikia wanatoza kiingilio na foleni ni ndefu. Jumapili ya pili tutakuwa kwenye treni tangu alfajiri. Je, nikate tiketi? Misa ya lugha nisiyoielewa inahesabika? Na mume wangu afanye nini wakati wa Komunyo?*

Dada, tiketi huhitaji. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1221, zinataka kuingia kanisani wakati wa ibada kuwe huru na bila malipo. Kiingilio ulichosikia ni cha watalii, hakiwahusu wanaokwenda kusali. Shida huanzia mlangoni, kwa kuwa kanisa kuu maarufu saa ya Misa huendeshwa tofauti kabisa na saa ya utalii: mlango mwingine, foleni nyingine, sehemu ndogo tu ya jengo iliyo wazi, na walinzi wenye maagizo mengine. Anayefuata umati hujikuta mbele ya dirisha la tiketi wakati ndani Injili inasomwa.

Kule Venice, kwa mfano, watalii wa Basilika ya Mtakatifu Marko hupita mbele, upande wa uwanja mkubwa. Wanaokwenda kusali hupita mlango wa ubavuni upande wa kaskazini, uitwao Porta dei Fiori. Roma, lile jengo la kale la Pantheon ni kanisa tangu mwaka 609, Basilika ya Bikira Maria na Mashahidi. Kiingilio kilianza kutozwa hapo Julai 2023, lakini wanaohudhuria Misa hawalipi, na watalii husitishwa ibada ikiendelea. Sagrada Família ya Barcelona, iliyotabarukiwa na Papa Benedikto XVI tarehe 7 Novemba 2010, hutoza watalii, ila ina Misa za wazi kwa waamini. Huko nafasi hujaa, na nafasi zikiisha mlango hufungwa hata kama Misa haijaanza. Notre-Dame ya Paris, iliyoungua 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, haitozi mtu yeyote. Unaweza kujiandikisha mtandaoni bila malipo ili kupunguza kungoja, lakini si lazima, na kwa Misa huhitaji kabisa. Katika kanisa kuu la Köln, Ujerumani, utakuta wahudumu waliovaa majoho mekundu. Kazi yao mojawapo ni kuwazuia watalii wasizunguke wakati wa ibada. Wapitie hao, uwaambie umekuja Misa.

Basi fanya hivi. Siku moja kabla, fungua tovuti ya kanisa lenyewe (si ya kampuni inayouza tiketi) na utafute ukurasa wa ibada. Humo ndimo hutajwa mlango wa waamini. Ukishindwa, pita jirani na kanisa jioni ya Jumamosi usome ubao ulio mlangoni. Siku yenyewe fika dakika 30 kabla kwenye makanisa yenye ukaguzi wa mizigo, dakika 20 kwingineko. Kwa Basilika ya Mtakatifu Petro, Vatikani, hesabu saa nzima, maana foleni ya ukaguzi ni hiyohiyo kwa watalii na waamini, na hupungua tu ukiwahi asubuhi sana. Ukimfikia mlinzi, sema maneno machache kwa lugha yake: Kiitaliano *per la Messa*, Kifaransa *pour la messe*, Kihispania *para la misa*, Kijerumani *zur Messe*. Kamera ikiwa inaning'inia shingoni atakutilia shaka, na ana sababu: wapo wanaosingizia Misa ili wakwepe kiingilio.

Elewa pia usichokipata. Misa haikupi matembezi ya kanisa. Mara nyingi utaketi eneo lililozungushiwa kamba, kisha baada ya baraka mtaelekezwa nje kwa mlango uleule. Kama unataka kuona mozaiki, kaburi la mtakatifu au mnara, panga ziara kwa saa nyingine na ulipie. Kuchanganya vyote viwili katika saa moja huharibu vyote viwili.

Kabla ya hayo yote, hakikisha kanisa ni la Kikatoliki. Hapa ndipo wasafiri wengi hukosea, kwa sababu kanisa zuri la kale linaweza kuwa lilijengwa na Wakatoliki na sasa ni la wengine tangu karne ya 16. London, Westminster Abbey ni ya Kianglikana. Katedrali ya Kikatoliki ni Westminster Cathedral, jengo la matofali yenye mistari lililofunguliwa 1903 karibu na stesheni ya Victoria, mwendo wa kama robo saa kwa miguu kutoka ile ya kwanza. Majina yanafanana, teksi hukosea, na ibada ya Kianglikana inafanana mno na Misa hivi kwamba unaweza kufika Baba Yetu kabla hujagundua. Canterbury na York pia ni za Kianglikana. Dublin inashangaza zaidi: katika nchi yenye Wakatoliki wengi, makanisa makuu yote mawili ya zama za kati, Christ Church na St Patrick's, ni ya Kianglikana, na Wakatoliki wana kanisa la Mtakatifu Maria. Nidaros ya Trondheim, Norwei, na katedrali ya Uppsala, Uswidi, ni za Kilutheri (mume wako atajisikia nyumbani). Pale Utrecht, Uholanzi, yapo makanisa makuu matatu ya kuchanganya: la Mtakatifu Martino ni la Waprotestanti, la Mtakatifu Katarina ni la Wakatoliki, na la Mtakatifu Gertruda ni la wale wajiitao Wakatoliki wa Kale, ambao hawana ushirika na Papa. Jina "katoliki" kwenye ubao peke yake halitoshi. Njia ya uhakika ni orodha ya parokia katika tovuti ya jimbo la Kikatoliki la mji huo. Kanisa lisipokuwamo, tafuta jingine.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Kanisa linaweza kuwa la Kikatoliki kabisa na Misa ikaonekana ngeni. Kanuni ya 1248 inasema wajibu wa Misa ya Jumapili unatimizwa na anayeshiriki Misa popote inapoadhimishwa kwa riti (utaratibu wa ibada) ya Kikatoliki, na riti za Kikatoliki ni nyingi. Ukisali katika kanisa kuu la Milano utakuta riti ya Kiambrosi: amani hutakiwa kabla ya matoleo, Nasadiki huja baada ya matoleo, Mwanakondoo wa Mungu hakuna, na Majilio yao yana majuma sita. Kwaresima yao huanza Jumapili, kwa hiyo usitafute Jumatano ya Majivu pale. Toledo, Hispania, katika kikanisa kimoja cha katedrali bado huadhimishwa riti ya kale ya Wamozarabu, ambamo hostia humegwa vipande tisa. Palermo lina kanisa liitwalo Martorana, la Wakatoliki wa riti ya Kibizanti. Humo Komunyo hutolewa kwa kijiko, mkate ukiwa ndani ya divai: inua uso kidogo, fungua kinywa, usitoe ulimi wala mkono, usifunge midomo juu ya kijiko. Zote hizi zinatimiza wajibu wa Jumapili sawasawa na Misa ya parokiani kwako. Liturujia ya Waorthodoksi, hata iwe nzuri namna gani, si Misa ya Kikatoliki kwa hesabu hii.

Sasa ratiba. Ubao wa Ulaya huandika saa kwa kuhesabu 24, nasi huhesabu toka macheo. Ondoa sita (kuanzia 19.00 ondoa kumi na nane), au ongeza sita kwa saa za kabla ya alfajiri: 10.30 ni saa nne na nusu asubuhi, 12.00 ni saa sita mchana, 18.30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Andika zote mbili kwenye karatasi yako. Kosa la saa sita kamili hutokea kwa watu makini pia, hasa siku ya kwanza baada ya ndege.

Maneno ya ubaoni nayo yana mitego. Kiitaliano *feriali* ni siku za kazi, ingawa linafanana na sikukuu. Jumapili na sikukuu ni *festivi*, na Misa ya Jumamosi jioni ni *prefestiva*. Kihispania siku za kazi ni *laborables*. Kijerumani *werktags* ni siku za kazi, *Vorabendmesse* ni ya Jumamosi jioni, *Hochamt* ni Misa kuu ya kuimba. Kifaransa Misa ya Jumamosi jioni huitwa *messe anticipée*. Angalia pia kama ratiba ni ya kiangazi au ya baridi, maana Misa nyingi huondolewa Julai na Agosti, na ubao wa zamani huweza kubaki ukutani miezi kadhaa. Saa za Ulaya husogezwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Ukiwa huko Jumapili ya Machi, unapoteza saa moja usiku na unaweza kukuta Misa imekwisha nusu.

Usiridhike na Misa moja kwenye daftari. Andika mbili: ya kanisa kuu, na ya parokia ya kawaida iliyo karibu, iliyo angalau saa moja na nusu baadaye. Kanisa kuu hufungwa ghafla kwa upadirisho, mazishi ya mkubwa wa serikali, tamasha au ukarabati. Parokia ya mtaa karibu haifungwi.

Kuhusu Jumapili ya treni: Misa ya Jumamosi jioni inatosha. Kanuni ileile ya 1248 inaruhusu kutimiza wajibu siku yenyewe au jioni ya siku iliyotangulia. Sheria haitaji saa, lakini wanasheria wengi wa Kanisa huanza kuhesabu jioni saa kumi alasiri, na makanisa mengi huweka Misa hiyo kati ya saa kumi na moja na saa moja usiku. Kinachohesabiwa ni saa ya mahali ulipo, si ya nyumbani. Masomo si lazima yawe ya Jumapili: hata ukikuta Misa ya ndoa Jumamosi jioni, mradi ni Misa na si ibada ya ndoa tu bila Ekaristi, umetimiza. Kama Jumamosi pia haiwezekani, tazama Jumapili jioni. Miji mikubwa karibu yote ina Misa ya saa kumi na mbili au saa moja usiku, mara nyingi katika kanisa lililo karibu na stesheni kuu au la mashirika ya kitawa, si katika katedrali. Na kama kweli haiwezekani kabisa, mtu hafungwi na lisilowezekana. Kanuni hiyo inashauri kushiriki ibada ya Neno au kutumia muda wa kutosha kusali peke yako au kifamilia. Unaweza pia, kabla ya kuondoka, kumwomba paroko wako ruhusa ya kutohudhuria kwa sababu ya haki. Kanuni ya 1245 inampa mamlaka hayo, na ruhusa yake inakufuata hata nje ya parokia. Wachache wanalijua hili, nalo huondoa fadhaa nyingi.

Angalia na sikukuu za amri, yaani zile ambazo kuhudhuria Misa ni wajibu kama Jumapili. Sheria ya Kanisa lote inataja kumi mbali na Jumapili, lakini mabaraza ya maaskofu huruhusiwa kuzipunguza au kuzihamishia Jumapili, hivyo orodha hutofautiana nchi na nchi. Wewe msafiri unafungwa na sikukuu hizo pale zinapoadhimishwa kama za amri mahali ulipo, hata kama kwenu zimeondolewa. Zisipokuwa za amri mahali ulipo, hufungwi, hata kama kwenu ni za amri. Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, 15 Agosti, ni sikukuu ya amri Ufaransa na Italia. Kukingiwa Dhambi ya Asili, 8 Desemba, ni ya amri Italia. Kupaa Bwana ni Alhamisi katika nchi nyingine na Jumapili katika nyingine. Ukivuka mpaka juma hilo, unaweza kukuta sherehe mara mbili au usiikute kabisa.

Lugha isikutie hofu. Misa inahesabika kwa kushiriki kwako, si kwa kuelewa kila neno, na mpangilio wake unaujua tayari kwa moyo. Kinachokosekana ni masomo na mahubiri. Kwa masomo una msaada mkubwa: riti ya Kirumi husoma masomo yaleyale ya Jumapili ulimwenguni kote, kwa mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Mwaka unaogawanyika kwa tatu bila baki ni Mwaka C, kwa hiyo 2028 ni C, 2027 ni B, 2026 ni A, ukikumbuka kwamba mwaka wa liturujia huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Siku za kazi, somo la kwanza hufuata Mwaka I kwa miaka witiri na Mwaka II kwa miaka shufwa. Soma nyumbani au hotelini katika Misale yako ya Kiswahili usiku uliotangulia, tena kwa utulivu. Ukifika kanisani na kusikia jina moja tu, Zakayo au Nikodemo, utajua mko wapi. Ukikuta masomo tofauti kabisa, pengine ni sikukuu ya msimamizi wa kanisa au kumbukumbu ya kutabarukiwa kwake, ambayo ndani ya kanisa hilo ni sherehe kamili na huweza kuchukua nafasi ya Jumapili ya kawaida.

Jifunze pia Kilatini kidogo. Katika makanisa makuu ya Roma na katika Misa za kimataifa popote, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu, Baba Yetu na Mwanakondoo huimbwa mara nyingi kwa Kilatini, na jibu la padre anaposema *Dominus vobiscum* ni *Et cum spiritu tuo*. Baba Yetu kwa Kilatini inatosha kujifunza kwa siku tatu. Hiyo si sawa na Misa ya kale ya Kilatini, ya Misale ya mwaka 1962, ambayo tangu Julai 2021 imewekewa masharti makali na huadhimishwa sehemu chache zilizoruhusiwa na askofu. Ukiikuta, kimya ndicho kawaida yake, na waamini hupokea Komunyo wakiwa wamepiga magoti, kwa ulimi.

Kuhusu mahali pa kukaa, makanisa haya yalijengwa kabla ya vipaza sauti, na sauti huzunguka kwenye mawe sekunde kadhaa. Nyuma utasikia mvumo tu. Keti theluthi ya mbele, upande ule wenye mimbari ya masomo, na ukiweza chagua kiti kilicho jirani na nguzo yenye kipaza sauti chembamba kilichosimama wima, maana hutupa sauti mbele bila kuipeleka darini. Usikae nyuma ya nguzo nene ukidhani utachungulia. Viti vya mbele kabisa vyenye mito au majina ni vya mapadre, wanakwaya au wakubwa, uviache. Misa za siku za kazi kwa kawaida huwa si kwenye altare kuu: tafuta kikanisa cha pembeni au kanisa la chini ya ardhi. Kwenye Basilika ya Mtakatifu Petro, Misa nyingi za kawaida hazifanyiki chini ya lile kuba kubwa. Misa ya Jumapili ya kawaida huwa kwenye altare ya Kiti cha Petro, mwisho kabisa wa jengo.

Ukiingia, tafuta taa inayowaka karibu na Tabernakulo kabla ya kupiga goti. Katika makanisa ya kitalii Ekaristi huhifadhiwa mara nyingi katika kikanisa cha pembeni ili wanaosali wapate utulivu, na Tabernakulo ya altare kuu huwa tupu. Mbele ya Ekaristi, goti la kulia hadi chini. Mbele ya altare pasipo Ekaristi, inamisha mwili tu. Kikanisa hicho ndicho mahali pazuri kuliko pote pa kukaa ukiwahi mapema, na walinzi hawasumbui mtu aliyeketi humo akisali.

Kusimama na kupiga magoti hutofautiana. Sheria ya jumla inataka kupiga magoti wakati wa mageuzo, lakini viti vingi vya makanisa ya kale havina vibao vya magoti na sakafu ni jiwe baridi. Nchi nyingine hupiga magoti tangu baada ya Mtakatifu, nyingine kwa mageuzo tu, nyingine husimama. Tazama watu wa safu ya mbele yako, hao ndio wenyeji, ila uwe mwangalifu wasije kuwa watalii kama wewe. Bibi mzee aliye peke yake ni kiongozi bora kuliko kundi la vijana wenye mikoba. Baridi ya mawe hupanda miguuni hata siku ya jua. Sweta na soksi nene si anasa, na vyoo kanisani usivitegemee.

Komunyo. Mfungo ni saa moja kabla ya kupokea, si kabla ya Misa kuanza. Maji na dawa vinaruhusiwa, kahawa ya stesheni hairuhusiwi. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia hawafungwi na hilo. Ukipokea mkononi, weka mkono wa kushoto juu ya wa kulia, sogea hatua moja pembeni, ule hostia papo hapo mbele ya mhudumu. Katika makanisa ya kitalii wahudumu hukutazama hadi umeze, na ukiondoka nayo mkononi mtu atakufuata. Usikasirike: kuna watu huichukua kama kumbukumbu ya safari. Ikiwa hostia imechovywa katika Damu, unapokea kwa ulimi tu. Ukishapokea asubuhi, unaweza kupokea tena siku hiyohiyo mara moja tu, na ndani ya Misa unayoshiriki. Asiyeweza kula ngano aende sakristia dakika 15 kabla. Hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi. Zipo zenye gluteni kidogo sana, au anaweza kupewa kikombe, lakini mambo hayo hayapangwi mstarini.

Mume wako asipokee. Hilo ni wazi katika kanuni ya 844, na kumwambia mapema nyumbani ni heshima zaidi kuliko kumzuia mstarini. Kuna desturi ya kwenda na mikono iliyokunjwa kifuani ili kubarikiwa, lakini haijulikani kila mahali, na mhudumu asiyeielewa anaweza kumwekea hostia mdomoni. Kwa maoni yangu abaki amekaa. Ukiwa mwisho wa safu, akusogezee miguu upite. Mengine yote anaweza kushiriki: kuimba, kusali Baba Yetu, kutakiana amani. Amani yenyewe, kwa watu wengine ni kupeana mikono, kwa wengine ni kuinamisha kichwa tu; ngoja jirani aanze.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, nyote wawili, hata joto likiwa kali. Mtandio mwepesi mfukoni humaliza suala. Mwanamume avue kofia. Kitambaa cha kichwa kwa mwanamke si sharti tena. Sanduku au begi kubwa la mgongoni liache hotelini au stesheni. Kule Santiago de Compostela hata mahujaji waliotembea mwezi mzima hukatazwa kuingia na mabegi, na kwa taarifa yako, chetezo kikubwa cha pale hakiyumbishwi kila Misa, ni siku maalumu tu. Picha usipige, wala usirekodi kinanda. Simu uizime kabisa, kwa kuwa mtetemo wake juu ya benchi la mbao husikika safu tano. Beba sarafu na noti ndogo kwa sadaka, maana kapu hupita haraka wakati wa matoleo na mashine ya kadi, ikiwapo, iko mlangoni.

Ukitaka kuungama, Roma ndiyo rahisi kuliko pote: basilika kuu nne zina mapadre waungamishi wa lugha nyingi, na lugha zao huandikwa juu ya kiti cha maungamo. Taa ikiwaka, padre yumo. Usimtafute dakika tano kabla ya Misa. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, ambapo mstari ni mfupi.

Misa ya Papa mwenyewe ni suala jingine. Tiketi zinahitajika lakini hazilipiwi, hutolewa na ofisi ya Vatikani inayoshughulikia nyumba ya Papa, na anayekuuzia ni tapeli. Omba wiki kadhaa mbele. Ukikosa, kumbuka kwamba siku ya ibada kubwa ya Papa sehemu ya basilika hufungwa, hivyo ile Misa ya pili uliyoiandika kwenye daftari ndiyo utakayoihitaji.